Padri Nicholas Callan na batri ya chuma



Kila mtu aliyekaa katika misioni ya porini amekwisha kuona jambo hili. Usiku katekista anaitwa kwa mgonjwa, anawasha tochi, na mwanga unatoka mwekundu kama kaa linalokufa. Mawe ya tochi yamekwisha. Kesho yake watoto wanayaanika juani, juu ya bati, ili yapate nguvu kidogo ya usiku mmoja tena.

Tunayaita mawe, lakini si mawe. Ndani yake mna zinki, mna kijiti cha kaa, na kati yao dawa nyeusi iliyolowa. Zinki inaliwa polepole na dawa ile, na kwa kuliwa kwake inatoa umeme. Zinki ikikwisha kuliwa, au dawa ikichoka, jiwe limekufa. Ndiyo siri ya mawe ya tochi, na batri nyingine zote zinafuata njia iliyo karibu na hiyo: metali, dawa, na umeme unaotoka katika mapatano yao.

Shuleni tulijifunza habari za batri pamoja na majina ya wenye elimu wakubwa: Galvani, Volta, Davy, Faraday, Bunsen. Leo tunataka kusema juu ya mtu ambaye wengi kwetu hatukumsikia. Alikuwa padri, na alifundisha fizika katika seminari kubwa tangu mwaka 1826 mpaka kufa kwake, mwaka 1864. Alitengeneza batri yenye nguvu sana kwa chuma cha kawaida, kile cha kutengenezea vyungu vya jikoni, maana metali waliyoitumia wengine ilikuwa ya bei kali. Halafu akasahauliwa muda wa miaka sabini hivi.

Basi tutauliza maswali mawili. Padri huyo alifanya nini? Na kwa nini alisahauliwa? La pili linatuhusu sisi zaidi kuliko la kwanza.

1. Nyumba ya Maynooth

Maynooth ni mji mdogo wa Irlandi, si mbali na Dublin. Muda mrefu sheria za Waingereza ziliwanyima Wakatoliki wa Irlandi ruhusa ya kuwa na shule zao. Vijana waliotaka upadri walivuka bahari, wakaenda kusoma Ufaransa, Hispania, Roma, na hata Louvain katika Ubelgiji, mji ambao mapadri wengi wa kwetu wanaujua vizuri. Mapinduzi ya Ufaransa yalipotokea, nyumba zao za Ufaransa zilifungwa. Ndipo mwaka 1795 bunge la Dublin lilipokubali seminari ianzishwe katika nchi yenyewe, nayo ikawekwa Maynooth.

Nicholas Callan alizaliwa mwaka 1799 huko Darver, katika jimbo la Louth. Aliingia Maynooth mwaka 1816. Katika masomo ya filosofia alimpata mwalimu mmoja, Padri Cornelius Denvir, aliyekuja kuwa askofu baadaye. Mwalimu huyo hakuridhika kusoma fizika katika kitabu tu. Alileta vyombo mbele ya wanafunzi na kuwaonyesha jambo lenyewe likitendeka. Mbegu ile iliota ndani ya Callan. Alipewa upadri mwaka 1823, akatumwa Roma, na huko, pamoja na teolojia, akazijua kazi za Galvani na za Volta. Mwaka 1826 alipata udaktari wa teolojia, na mwaka ule ule akaitwa kurudi Maynooth kufundisha fizika. Hakuondoka tena.

2. Urithi alioupokea

Ili tuelewe kazi yake, tunapashwa kwanza kukumbuka hali ya batri katika siku zile.

Tarehe 20 Machi 1800, Alessandro Volta, mwalimu wa Pavia katika Italia, aliandika barua kwa lugha ya Kifaransa kwa Joseph Banks, mkubwa wa Royal Society ya London. Alieleza namna alivyopanga visahani vya feza na vya zinki, kimoja juu ya kingine, na baada ya kila jozi akatia karatasi nene au ngozi iliyoloweshwa katika maji ya chumvi. Akarundika hivyo jozi thelathini, arobaini, hata sitini. Mtu akigusa sahani ya chini kwa mkono mmoja na ya juu kwa mkono mwingine, anashtuka. Volta mwenyewe alifananisha chombo chake na samaki wa baharini mwenye kushtua mkono wa mvuvi. Wavuvi wetu wa mto Congo na wa ziwa Tanganyika hawahitaji maelezo: katika maji yetu pia yuko kambale mwenye tabia hiyo.

Mbele ya Volta watu waliujua umeme wa cheche, unaoruka mara moja na kwisha. Yeye aliwapa umeme unaotiririka kama maji ya mto. Lakini yeye mwenyewe hakuelewa vema unatoka wapi. Aliwaza kwamba metali mbili zikigusana tu, yatosha; maji ya chumvi yalikuwa njia ya kupita, basi. Leo tunajua kwamba dawa inafanya kazi kubwa: inaila zinki, na bila kuliwa huko hakuna umeme unaodumu. Chombo kilikuwa kizuri, maelezo yalikuwa na kosa.

Jambo hili mwalimu anaweza kulionyesha darasani bila gharama. Chukueni vikombe vinne vya kioo au vya plastiki, mkatie siki au maji ya ndimu. Katika kila kikombe simamisheni upande mmoja msumari uliopakwa zinki, kama ile ya kupigilia mabati, na upande mwingine kipande cha waya wa shaba kilichokwanguliwa vizuri. Visigusane ndani ya kikombe. Halafu ungeni kwa waya shaba ya kikombe cha kwanza na msumari wa kikombe cha pili, shaba ya pili na msumari wa tatu, shaba ya tatu na msumari wa nne. Zitabaki ncha mbili: msumari wa kwanza na shaba ya mwisho. Kila kikombe kinatoa volti moja kasoro kidogo. Chukueni taa moja ndogo nyekundu ya LED, kama zile za redio iliyoharibika. Mguu wake mrefu uungeni na shaba, mfupi na msumari. Fungeni madirisha. Taa itawaka, hafifu, lakini itawaka. Maji yale msiyanywe baadaye, kwa maana zinki imeingia ndani yake.

Sasa msiondoke. Ngojeni mkatazame. Mwanga unaendelea kupunguka, na juu ya waya wa shaba mtaona vitone vya hewa vimeshikamana kama jasho. Hewa ile ni hidrojeni. Inaivika shaba nguo, na umeme haupati nafasi ya kupita vema. Huo ndio ugonjwa uliozisumbua batri zote za kwanza: zilianza kwa nguvu, na baada ya kitambo kidogo zikachoka.

Wengi walitafuta dawa ya ugonjwa huo. Mwaka 1836 Mwingereza Daniell alipata njia moja. Mwaka 1839 William Grove alipata nyingine yenye nguvu zaidi. Alitia zinki katika asidi sulfuriki iliyochanganywa na maji, akatia metali ya pili katika asidi nitriki kali, na kati ya dawa hizo mbili akaweka chungu cha udongo kinachopitisha maji polepole. Asidi nitriki inaimaliza hidrojeni ile mbele ya kuvika metali. Lakini asidi hiyo haina huruma. Mkitia shaba ndani yake, inailamba yote na kutoa moshi mwekundu wenye sumu. Ni lazima kupata metali isiyoogopa asidi nitriki. Grove alitumia platini. Na platini ni ya bei kali sana. Mjerumani Bunsen, mwaka 1841, alitia kaa mahali pa platini, na bei ikapunguka.

Hapo ndipo tunapomkuta padri wetu.

3. Padri na waya zake

Batri za Maynooth zilikuwa na sababu yake. Kazi ya kwanza ya Callan haikuwa batri yenyewe. Aliitaka batri kwa ajili ya sumaku.

Mwaka 1825 William Sturgeon, aliyekuwa zamani mfanyakazi wa viatu na askari, alionyesha kwamba waya ukizungushwa juu ya chuma laini, na umeme ukipita ndani ya waya, chuma kinakuwa sumaku. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku nayo inaweza kuamsha umeme ndani ya waya. Padri Callan aliunga mambo hayo mawili. Alichukua chuma kilichopindwa kama kwato la farasi, akazungusha juu yake waya mnene, kisha waya mwembamba mrefu sana. Waya mnene ulipokea umeme wa batri. Kila mara umeme ule ulipokatwa ghafula, katika waya mwembamba ulizaliwa umeme mwingine, wenye msukumo mkubwa kupita ule wa kwanza mara nyingi sana. Ili kukata na kurudisha umeme upesi upesi, alitumia mtambo wa saa ya ukutani, uliochovya waya katika kikombe cha zebaki na kuutoa. Siku zile hakuna duka lililouza waya uliokwisha kuvikwa. Ilikuwa lazima kuuvika kwa mkono, futi kwa futi, mbele ya kuuzungusha.

Hiyo ilikuwa mwaka 1836. Kazi ilitangazwa katika gazeti la elimu la London, na mwaka 1837 Callan alimtumia Sturgeon masini iliyofanana na ile yake, nayo ikaonyeshwa kwa wenye elimu wa London. Masini ile ndiyo mama ya kitu kilicho karibu nasi kuliko tunavyofikiri. Pikipiki ya petroli ya misioni, ukiipiga teke ikawaka, ni kwa sababu ndani yake mna bobini inayogeuza umeme mdogo kuwa cheche.

Vyombo vya kupima umeme vilikuwa bado hafifu. Callan alipima nguvu ya batri zake kwa namna mbili. Ya kwanza ilikuwa mizigo: aliunga batri na sumaku, akaona inaweza kuinua kilo ngapi. Nguvu kubwa aliyoipata iliinua tani mbili. Namna ya pili ilikuwa waseminari. Aliwapanga wakishikana mikono, akapitisha umeme, na kwa kuruka kwao akajua nguvu yake. Mapokeo ya nyumba yanasimulia kwamba William Walsh, aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Dublin, alizimia siku moja katika jaribio la namna hiyo, na kwamba wakubwa wa seminari walimkataza mwalimu asitumie tena wanafunzi, akageukia kuku. Tunacheka, lakini jambo hilo halikuwa la kuchekesha, na hakuna mwalimu anayeruhusiwa kulifuata leo. Cheche ndefu kupita zote alizozipata kwa bobini yake kubwa ilikuwa na urefu wa sentimetri 38. Umeme wa namna ile unaua.

4. Chuma mahali pa platini

Kuinua tani mbili kunaomba vyombo vingi vya batri, si kimoja wala kumi. Nani atanunua platini ya kutosha? Seminari ya Maynooth ilikuwa nyumba ya kufundisha mapadri, haikuwa nyumba ya mfalme. Nayo miaka yenyewe ilikuwa miaka ya taabu. Tangu 1845 viazi vilioza mashambani kote Irlandi, na katika njaa ile watu kama milioni moja walikufa; wengine wengi walipanda mashua kwenda Marekani. Hatusemi kwamba njaa ndiyo iliyomsukuma Callan kutafuta metali ya bei rahisi. Lakini ni katika miaka ile ile alipoitafuta.

Alijaribu kwanza risasi iliyopakwa platini kidogo. Kisha akajaribu chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumwagwa katika kalibu. Hapo msomaji atashangaa. Chuma kinaliwa na asidi, kila mtu anajua; hata maji ya mvua yanakila kwa kutu. Kukitia katika asidi nitriki kali si kukitupa?

Ajabu ndiyo hiyo. Mkitia chuma katika asidi nitriki iliyopunguzwa kwa maji, inakila kwa hasira. Mkikitia katika asidi kali sana, kinatulia kama dhahabu. Asidi kali inakivika ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho, na ngozi ile inakilinda na asidi yenyewe. Wenye elimu walikuwa wamekwisha kuona jambo hilo. James Keir aliliandika mwaka 1790, na Schönbein na Faraday walizungumza juu yake mwaka 1836. Wao waliliona kuwa fumbo. Callan aliona kwamba fumbo lile linaweza kufanya kazi: kama chuma hakiogopi asidi nitriki kali, basi kinaweza kukaa mahali pa platini. Alijaribu, akaona kinatosha, akatangaza habari hiyo mwaka 1848.

Faida haikuwa katika bei tu. Platini ilikuwa kipande chembamba kilichowekwa ndani ya chombo. Chuma kiliweza kuwa chombo chenyewe. Mwenye kusubu alimwaga chungu cha chuma cha pembe nne. Ndani yake ilitiwa asidi kali. Ndani ya asidi liliwekwa gudulia la udongo. Ndani ya gudulia ilikaa zinki katika asidi iliyopunguzwa. Hakuna kilichopotea bure. Batri hiyo huitwa batri ya Maynooth, na kwa kawaida huandikwa katika mwaka 1854. Ilitengenezwa na kuuzwa hata London. Callan alipata kuunga pamoja vyombo 577, vyenye asidi karibu litre 136. Batri kubwa kuipita hiyo ilikuwa ngumu kupatikana katika dunia ya siku zile.

Katika kushughulika na chuma na asidi, alijifunza pia namna ya kukikinga chuma na kutu kwa kukipaka metali nyingine, na mwaka 1853 alipewa hati ya serikali juu ya uvumbuzi huo.

Tusimame kidogo hapa. Kama Callan angekuwa na feza nyingi, angenunua platini, na batri yake ingekuwa moja kati ya batri za Grove. Alitafuta bei rahisi, akapata kitu kipya. Lakini tusidanganyike tukasema kwamba umaskini unatoa elimu. Umaskini peke yake hautoi kitu. Callan alikuwa amesoma, alijua walichokiandika wenzake wa London na wa Ujerumani, alijua kwamba asidi kali na asidi iliyopunguzwa hazitendi sawasawa. Mtu asiyejua hayo angetia chuma katika asidi yoyote, kingeliwa mbele ya macho yake, naye angesema: haiwezekani. Tena tusiifanye batri ile kwetu. Asidi zile zinachoma nyama hata mfupa, na moshi wake unaharibu mapafu. Siki na misumari inatosha kwa darasa.

5. Kusahauliwa

Padri Callan alikufa tarehe 10 Januari 1864. Wengi waliomzika walimjua kwa vitabu vyake vya ibada, maana alitafsiri maandiko mengi ya Mtakatifu Alfonso wa Liguori. Sumaku na batri wengine katika nyumba waliziona kuwa mchezo wa mzee, saa zilizopotea. Maynooth ilikuwa nyumba ya teolojia. Fizika ilipewa kiti cha nyuma.

Sisi tuliosoma fizika kwa Kifaransa tulijifunza juu ya bobini yenye waya mbili, na jina lake lilikuwa « bobine de Ruhmkorff ». Heinrich Daniel Ruhmkorff alikuwa fundi Mjerumani aliyefanya kazi Paris. Tangu mwaka 1851 alitengeneza bobini nzuri sana, zilizovikwa kwa uangalifu, na Napoléon III alimtuza faranga 50,000. Vitabu vilifuata jina la fundi, na vitabu vipya vilinakili vya zamani. Mwisho hata Irlandi yenyewe wanafunzi walifundishwa jina la Ruhmkorff, na masini ya kwanza ilikuwa katika kabati la seminari yao.

Hapa tunapashwa kusema haki. Ruhmkorff hakuiba kitu. Alikuwa fundi mwaminifu, na bobini zake zilistahili sifa. Tena Callan hakuwa peke yake: Mmarekani Charles Page alifika mahali karibu na hapo katika mwaka ule ule wa 1836, na wote walikuwa wamesimama juu ya kazi ya Faraday. Mwenye kutaka kumtetea Callan kwa kuwashusha wengine hamtetei. Neno letu ni dogo zaidi: alikuwa kati ya wa kwanza, na nyumba yake mwenyewe ilikuwa haijui.

Aliyemfufua alikuwa padri mwingine wa Maynooth, P. J. McLaughlin. Katika miaka ya 1930 alivitazama vile vyombo vya zamani, akatafuta magazeti ya elimu ya karne iliyopita, akalinganisha miaka. Alitangaza kazi hiyo mwaka 1936, miaka mia kamili baada ya bobini, na mwaka 1965 akatoa kitabu kizima juu ya Callan. Aliweza kwa sababu mbili tu. Kwanza, vyombo vilikuwa havijatupwa. Pili, Callan alikuwa ameandika. Alichokiandika kilichapwa, na gazeti lililochapwa lina tarehe, na tarehe haibishani na mtu. Kama Callan angefundisha kwa mdomo tu, McLaughlin asingepata cha kushika. Leo vyombo vile vinaonyeshwa katika makumbusho ya Maynooth, na mwaka 2006 IEEE, shirika kubwa la mainjinia wa umeme, liliweka kazi yake ya 1836 kati ya kazi za kukumbukwa.

6. Na sisi?

Tumesema kwamba batri ya kwanza ya darasani inaomba shaba na zinki. Msomaji wa Katanga atakuwa amekwisha kutabasamu. Mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, ulifunguliwa mwaka 1924, nao umetoa shaba na zinki pamoja. Dawa nyeusi ya ndani ya mawe ya tochi inatengenezwa kwa manganizi, na manganizi ilichimbwa Kisenge. Kobalti, inayotiwa katika batri nyingi za simu na za motokari mpya, zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima inatoka katika nchi yetu, hasa upande wa Kolwezi. Metali hatukukosa. Zinakwenda zikiwa udongo, zinarudi zikiwa mawe ya tochi katika duka la soko, na katekista anayanunua kwa feza anayoipata kwa shida.

Gazeti dogo kama hili haliwezi kugeuza biashara hiyo. Lakini kuna jambo lililo mikononi mwetu. Katika misioni zetu imefanyika kazi nyingi ya mikono na ya akili. Hapa ndugu mmoja alitengeneza turbini ndogo kwa vyuma vya masini iliyokufa, ikawasha taa za hospitali. Kule katekista alipata namna ya kusafisha maji ya mto kwa mchanga na makaa. Pengine mwalimu wa seminari ndogo alifundisha fizika miaka ishirini kwa vyombo alivyovifanya mwenyewe kwa makopo. Siku mtu huyo anapohamishwa au kufa, mwenye kufagia chumba anatupa vile vyuma, na hakuna anayejua tena vilikuwa vya nini. Kijana anayekuja nyuma anaanza toka mwanzo, akiwaza kwamba kwetu hakuna aliyejaribu mbele yake. Na akisoma kitabu kilichotoka mbali, ataamini kwamba kila kitu kilitoka mbali.

Basi, ndugu waseminari, wekeni daftari. Mnapofanya jaribio, hata lile la siki na misumari, andikeni siku, vitu mlivyotumia, kiasi chake, lililotokea, na hasa lile ambalo halikutokea. Msiogope kuandika kwamba taa haikuwaka. Ninyi mapadri wenye kupokea misioni mpya, mkikuta stooni chombo msichokielewa, waiteni wazee wa mahali na kuuliza jina la aliyekifanya na mwaka wake, mkaandike majibu yao katika daftari la nyumba mbele ya kukiondoa. Na ninyi wakatekista, ambao mara nyingi mnakaa pahali pamoja kuliko padri yeyote, ninyi mnajua mengi ambayo hayako katika daftari lolote. Mtafuteni kijana mwenye mwandiko mzuri, mkamwambie aandike.

Maynooth ilikaa miaka sabini bila kujua ilicho nacho kabatini. Nyumba zetu zina miaka mingapi?